Nyasi Kavu kwa Poni: Mwongozo Kamili wa Kulisha Anayepumzika na Anayefanya Kazi

Katika zizi nililojifunzia usaisi, kipimo cha nyasi kilikuwa kumbatio. Kumbatio moja asubuhi, moja jioni, kila farasi sawa na mwenzake. Saisi mkubwa alikuwa na mikono mirefu kama ngazi, mimi nilikuwa kijana mfupi. Poni waliokuwa upande wake walinenepa hata shingo zikawa ngumu, wa upande wangu mbavu zilihesabika kutoka getini, na kila mtu alidhani ni minyoo. Siku moja tukaazima mizani ya ndoano kwa muuza vyuma chakavu. Kumbatio lake lilikuwa kilo 3.4, langu 2.1. Dawa ya minyoo tuliyokuwa tumenunua ikarudi kabatini.

Mwongozo huu ni wa anayetunza poni kwa nyasi zilizokaushwa na kufungwa marobota, hasa nyanda za juu za Kenya, ambako poni wa shule za kupanda farasi na wa polo hula nyasi za Rhodes karibu mwaka mzima. Wa pwani na wa Arusha watapata ya kwao pia. Poni kwa kipimo ni farasi asiyezidi sentimita 148 begani. Poni wa polo wanaitwa poni kwa mazoea tu, maana wengi wao ni farasi kamili wa kilo 400 na zaidi. Hesabu zote hapa chini zinakwenda kwa uzito wa mwili, kwa hiyo jina halitakukwamisha.

Mpime mnyama, kisha pima nyasi

Wachache wana mizani ya kumsimamisha farasi. Tumia utepe wa fundi cherehani. Zungusha utepe kifuani, nyuma tu ya miguu ya mbele, pale mshipi wa tandiko unapokaa, na usome akiwa ametoa pumzi. Halafu pima urefu kutoka ncha ya bega hadi ncha ya tako. Zidisha kifua kwa kifua, zidisha kwa urefu, gawanya kwa 11,880. Vipimo viwe vya sentimita, na jibu ni kilo.

Mfano: kifua 145, urefu 140. 145 mara 145 ni 21,025. Mara 140 ni 2,943,500. Gawanya kwa 11,880, unapata karibu kilo 248. Tumwite poni wa kilo 250, ndiye tutakayemlisha katika mifano mingi hapa. Kipimo hiki hakifai kwa mtoto wa farasi wala jike mwenye mimba kubwa, lakini kwa poni mzima kinakaribia sana. Rudia kila baada ya wiki mbili, mtu yule yule, asubuhi kabla hajala, na uandike ukutani. Mwelekeo wa namba zile utakufaa kuliko namba moja iliyo sahihi kabisa.

Kwa upande wa nyasi, nunua mizani ya ndoano. Kamata robota la leo, lining'inize kabla ya kukata kamba. Marobota ya Kenya hayalingani: nimewahi kupima ya kilo 9 na ya kilo 17 kutoka lori moja, na yote yaliuzwa bei ile ile. Usiamini kusema "robota nusu". Robota likikatwa kamba huachana kwa matabaka. Pima tabaka tano au sita za kila shehena mpya ujue moja lina uzito gani, ndipo uanze kuhesabu kwa matabaka.

Kipimo cha gorogoro nacho kina mtego. Gorogoro ya mahindi ina kama kilo mbili. Ya oti ni nyepesi kuliko hiyo, na ya pumba ya ngano ni nyepesi zaidi. Anayebadilisha punje bila kupima upya amebadilisha lishe bila kujua.

Uzito mkavu: hesabu moja inayobeba zote

Nyasi zote zina maji ndani yake, hata zile zinazokatika kwa sauti. Kilicho chakula ni kile kinachobaki maji yakitolewa, na hicho ndicho tunachokiita uzito mkavu. Nyasi zilizokaushwa vizuri zina uzito mkavu wa asilimia 85 hadi 90. Nitatumia 88.

Poni mzima huhitaji uzito mkavu wa kama asilimia 2 ya mwili wake kwa siku. Asilimia 1.5 ni sakafu: usishuke chini yake bila daktari wa mifugo. Kwa poni wetu, asilimia 2 ni kilo 5. Gawanya 5 kwa 0.88, unapata kilo 5.7 za nyasi kutoka kwenye robota. Sakafu yake ni kilo 3.75 za uzito mkavu, yaani karibu kilo 4.3 za nyasi.

Kwa nini kuwe na sakafu? Tumbo la farasi ni dogo na linatoa asidi mchana na usiku, awe amekula au la. Mate yanayopunguza asidi hiyo hutoka pale tu anapotafuna. Kilo moja ya nyasi humchukua farasi kama dakika 40 kuitafuna, na poni huchukua zaidi. Kilo moja ya oti huisha kwa dakika 10 hivi. Ukimnyima nyasi na kumjazia punje, umempa kalori lakini umemnyima mate, na vidonda vya tumbo hufuata. Tena poni ana hatari ya ziada: akifungishwa njaa, hasa akiwa mnene, mafuta ya mwilini humwagika kwenye damu kwa wingi na kuharibu ini. Ugonjwa huo huua poni na punda upesi kuliko farasi wakubwa. Kumpunguza poni mnene kwa kumfungia bila chakula ni kumtafutia kifo.

Nikiwa hapo kwa punda: hao wa Lamu na wa mikokoteni ya bara ni watu wa jangwani. Wanatosheka na kidogo kuliko poni wa uzito huo huo, na nyasi ngumu zenye mabua mengi huwafaa zaidi. Usiwalishe kwa hesabu za poni.

Nyasi za aina gani

Hapa ndipo wengi hupoteza fedha na wengine hupoteza farasi, kwa sababu muuzaji wa nyasi huuza kwa mtu wa ng'ombe. Kinachomfaa ng'ombe mara nyingi kinamfaa poni, lakini si kila mara.

Nyasi za Rhodes, hasa aina ya Boma, ndizo rafiki wa farasi. Zina asili ya Afrika na zilipewa jina la Cecil Rhodes, aliyezipanda shambani kwake Rasi, Afrika Kusini, mwishoni mwa karne ya 19. Mabua ni membamba, hukauka upesi, na kwa kawaida hazina sukari nyingi. Wakati wa kukata ndio huamua kila kitu. Zikikatwa pale maua yanapoanza hadi nusu ya shamba ikichanua, zina majani mengi na protini ya asilimia 8 hadi 10. Zikiachwa mpaka mbegu zikomae, mkulima anapata marobota mengi zaidi, pengine na mbegu za kuuza, nawe unapata mabua yenye protini ya asilimia 5 au pungufu. Poni wetu anayepumzika anahitaji kama gramu 315 za protini kwa siku. Kilo 5 za uzito mkavu zenye asilimia 7 zinampa 350, na zinatosha. Zenye asilimia 5 zinampa 250, naye ataanza kupoteza nyama ya mgongoni huku tumbo likitokeza kama la mwenye mimba. Watu husema "ana tumbo, kwa hiyo ameshiba." Lile tumbo ni mabua yaliyokwama yakisubiri kuchachuka.

Sasa nyasi za kuogopa. Zipo za kitropiki zenye oksaleti nyingi, kitu kinachoshika kalisiamu tumboni isiingie mwilini. Ng'ombe ana vijidudu vya tumboni vinavyoimaliza oksaleti kabla haijamdhuru, farasi hawezi vizuri. Akilishwa hizo tu kwa miezi, mwili unakwangua kalisiamu kutoka kwenye mifupa yake wenyewe: anachechemea mguu huu leo na ule kesho, anakakamaa, kisha mifupa ya uso inavimba. Katika kundi hili kuna setaria, nepia, nyasi za Kikuyu, Guinea, na Cenchrus, ile Wakamba wanayoiita ndata kivumbu, ambayo hufungwa marobota kwa wingi katika maeneo makavu. Sisemi usizinunue kamwe. Kiangazi kina sheria zake. Lakini zisiwe chakula pekee kwa muda mrefu. Zichanganye na Rhodes, na uongeze kilo moja au mbili za alfalfa kavu, ambayo wengi hapa huiita lusini, maana ina kalisiamu nyingi. Kumbuka pia kwamba pumba ya ngano ina fosforasi nyingi na kalisiamu kidogo, kwa hiyo pumba juu ya nyasi za Kikuyu ni kumwongezea mgonjwa ugonjwa.

Mtama na nyasi za Sudani ni marufuku kwa farasi, mbichi au kavu. Huharibu mishipa ya fahamu ya mgongo na kibofu: miguu ya nyuma inapepesuka, mkojo unatiririka wenyewe. Mabua ya mahindi yana mavumbi na ukungu, mimi hayapiti getini kwangu.

Chunguza na magugu. Sumu ya mimea mingi haiondoki kwa kukauka, na mbaya zaidi, mmea ambao farasi angeukwepa shambani unapoteza uchungu wake ukikauka. Angalia marejea na ndugu zake, wale wa ukoo mmoja na mboga inayoitwa mito kule Nyanza. Aina kadhaa katika ukoo huo huharibu ini la farasi polepole. Magugu ya senesio yenye maua ya njano hufanya hivyo hivyo. Ukiona mnanaha, gugu lenye sumu liitwalo pia datura, ndani ya robota, shehena hiyo irudi ilikotoka.

Kufungua robota: macho, pua, mkono

Usinunue kwa kuangalia nje. Jua hugeuza nje kuwa njano, na ndani inaweza kuwa kijani safi. Au nje ikapendeza na ndani pamechemka. Mwambie muuzaji akate moja mbele yako. Akikataa, umepata jibu.

Ingiza mkono katikati. Kukiwa na joto, nyasi zilifungwa na maji. Robota dogo linatakiwa kuwa na unyevu usiozidi kama asilimia 15 hadi 18. Likivuka 20 linaanza kuchemka na kuota ukungu, na ghala zima laweza kushika moto lenyewe. Njia ya mtu asiye na kipimo: katakata nyasi, jaza nusu ya chupa kavu ya kioo, tia kijiko cha chumvi kavu, funga, tikisa dakika mbili. Chumvi ikishikana vidonge, nyasi hazijakauka. Ikibaki chembe chembe, ziko sawa.

Kunusa: harufu iwe tamu ya shamba. Harufu ya tumbaku au karameli maana yake zilichemka. Farasi atazipenda lakini protini imeungua. Harufu ya chumba kilichofungwa ni ukungu. Ukikung'uta tabaka na vumbi jeupe likapanda, usimpe, hata ukiziloweka. Mapafu ya farasi hayasamehe, na saisi naye anakohoa pamoja naye.

Hatimaye hesabu kamba. Robota la kamba mbili, kamba mbili zitoke na zining'inizwe msumarini. Kamba ya nailoni iliyomezwa haitoki tumboni bila kisu cha daktari. Ukikuta panya, ndege au nyoka aliyekufa ndani ya robota, tupa robota zima: mzoga huzalisha sumu ya botulizimu, na farasi ni mnyama dhaifu sana mbele ya sumu hiyo. Nyoka aliye hai ni habari nyingine, ndiyo maana robota hufunguliwa kwa mguu uliovaa buti.

Poni anayepumzika

Anayepumzika ni yule asiyepandwa, au anayetembezwa tu. Huyu chakula chake ni nyasi, maji na chumvi. Punje hazimhusu. Poni wetu anahitaji nguvu ya kama megakalori 8.3 kwa siku. Kilo 5 za uzito mkavu wa Rhodes ya kawaida zinampa karibu 9. Hesabu imeshajaa kabla hujafungua gunia.

Gawa kilo 5.7 hivi: kilo 1.2 saa 12 asubuhi, kilo 1 saa 7 mchana, kilo 1 saa 11 jioni, na kilo 2.5 saa 3 usiku. Ya usiku ndiyo kubwa kwa makusudi. Mazizi mengi hulisha saa 11 jioni na kuondoka mpaka kesho, poni anamaliza saa 2 na kukaa saa kumi tumbo likijiunguza. Kama mlinzi yupo, mwombe kwa adabu, mwekee wavu wa nyasi uliopimwa tayari, naye autundike. "Mzee, huu wavu wa Kibibi, saa tatu," basi. Mlinzi wetu hajawahi kusahau; masaisi ndio tuliosahau.

Chumvi ya mezani kama gramu 25, kijiko kikubwa kimoja na nusu, au jiwe la kulamba. Magadi si mbadala: ni soda, tena yana floridi nyingi. Maji yawepo muda wote, kama lita 12 hadi 15 kwa siku kwa poni huyu akiwa kwenye nyasi kavu. Nyasi kavu bila maji ya kutosha hukwama tumboni, na asubuhi utamkuta anagaragara kwa msokoto wa tumbo.

Sasa mnene. Mpapase mbavu: zikipatikana kwa kidole bila kukandamiza, vizuri. Zikitafutwa, na mgongo wa shingo ukawa mgumu kama mpira, yuko njiani kuelekea ugonjwa wa kwato wanaouita laminaitisi, ule unaomfanya asimame akiegemea nyuma kana kwamba ardhi ni ya moto. Mshushe taratibu kwa wiki mbili hadi kilo 4.3 za nyasi, za kukomaa kidogo, kwenye wavu wa matundu madogo ya sentimita 3 hivi ili zidumu. Ukiwa na nyavu mbili, moja ndani ya nyingine, unaongeza saa. Kisha loweka, nitafika huko. Alfalfa mwondolee, isipokuwa kiganja cha kubebea madini.

Poni anayefanya kazi

Kazi nyepesi, saa moja hadi tatu kwa wiki za kutembea na kwenda mchakamchaka na watoto, huongeza hitaji la nguvu kwa kama asilimia 20. Ya kati, 40. Nzito, kama polo au mbio ndefu za milimani, 60. Mmiliki wa poni wa shule atakuambia poni wake "anafanya kazi sana". Hesabu saa za kupandwa kweli, ondoa muda wa kusimama watoto wakipigwa picha. Wengi wako kwenye kazi nyepesi.

Kosa la kwanza linalofanywa kazi ikiongezeka ni kukimbilia punje. Kwanza badilisha nyasi. Chagua marobota yaliyokatwa mapema, yenye majani, umpe anayefanya kazi. Yale yenye mabua yaende kwa anayepumzika. Nina sehemu mbili ghalani kwa ajili hiyo, na rangi ya chokaa ukutani. Poni wa kilo 250 kwenye kazi nyepesi anahitaji megakalori 10. Mpe asilimia 2.2 ya uzito mkavu wa nyasi nzuri, kilo 5.5, sawa na kilo 6.25 kutoka robotani, na amefika bila punje hata moja.

Kwenye kazi nzito nyasi peke yake hazifiki, kwa sababu tumbo lina mwisho. Chukua poni wa polo wa kilo 420. Akipumzika anahitaji megakalori 14, msimu wa polo 22 na kitu. Asilimia 2 ya uzito mkavu ni kilo 8.4, yaani kilo 9.5 za nyasi, na nyasi nzuri zinampa kama 16. Pengo la 6 hivi hujazwa na kama kilo 2 za oti, au ubadilishe kilo mbili za Rhodes kwa alfalfa na upunguze oti. Napenda njia ya pili. Farasi wa alfalfa huwa na akili tulivu, na kalisiamu ile inasaidia tumbo lenye asidi.

Oti zigawe mara mbili au tatu. Mpaka ninaoufuata: wanga usizidi gramu moja kwa kila kilo ya mwili kwa mlo mmoja. Kwa poni wa kilo 250 ni kama gramu 600 za oti, au gramu 350 tu za mahindi. Ukivuka hapo, wanga unaponyoka utumbo mdogo na kuchachuka utumbo mpana, kisha unaona kinyesi laini, msokoto, kwato za moto. Chakula cha kuku na cha ng'ombe wa maziwa kikae mbali kabisa, maana baadhi huwekwa monensini, dawa ya kuzuia vimelea vya tumboni. Kuku anaistahimili, farasi inaua moyo wake kwa kiasi kidogo sana.

Kabla ya kazi, mpe kilo moja ya nyasi dakika 30 hadi saa moja kabla ya tandiko. Wazee walituambia apandwe tumbo tupu. Tumbo tupu lina asidi inayorukaruka anapokimbia. Punje ndizo zisiliwe ndani ya saa mbili au tatu kabla. Baada ya kazi maji kwanza, kidogo kidogo hadi atosheke, kisha nyasi, na punje akishapoa kama saa moja baadaye. Aliyetoka jasho aongezewe chumvi, kijiko kimoja hadi viwili vya ziada kwa siku, ndani ya chakula chenye unyevu.

Siku ya kupumzika katikati ya kazi

Hili lina jina la zamani la ugonjwa wa Jumatatu asubuhi. Farasi wa kukokota waliopumzika Jumapili huku wakila punje za siku ya kazi walitolewa Jumatatu, na baada ya hatua chache misuli ya nyuma ikakaza kama ubao, mkojo rangi ya kahawa. Bado hutokea. Siku ambayo poni hapandwi, toa punje au punguza nusu kuanzia jioni iliyotangulia, na pengo lijazwe nyasi. Zikirudi kazi, punje zirudi baada ya kazi, zisitangulie. Ukimwona amekaza, mwache papo hapo alipo, usimtembeze, piga simu kwa daktari.

Msimu ukiisha na poni wa polo akiachiliwa, punguza punje kwa siku 7 hadi 10. Kiasi cha nyasi kisiguswe. Akirudi, ongeza kidogo kidogo kwa wiki mbili au tatu sawia na mazoezi. Hata kubadilisha shamba la nyasi ni mabadiliko: changanya robo ya mpya na robo tatu za zamani siku tatu, nusu kwa nusu siku tatu nyingine, na kuendelea. Vijidudu vya utumbo mpana ndivyo vinavyokula nyasi kwa niaba ya farasi, navyo huhitaji siku 7 hadi 14 kuzoea.

Kuloweka, na mahali pa kulia

Pima nyasi zikiwa kavu, kisha loweka. Kwa vumbi, dakika 10 zinatosha. Kwa poni mnene, loweka saa moja kwenye maji safi ili sukari itoke. Katika joto letu usizidishe, kwa maana zinaanza kuchacha na bakteria wanazaana. Maji yale ya rangi ya chai yamwagwe mbali na ndoo ya kunywa. Nyasi zilizoloweka zilishwe siku hiyo hiyo. Madini nayo hutoka, kwa hiyo poni wa hivyo anahitaji nyongeza ya madini ya farasi.

Wavu ufungwe juu kiasi kwamba ukiisha na kulegea kwato isinase. Kula chini ni afya zaidi kwa pua na mapafu, lakini pwani, kwa poni wa ufukweni Diani na kwingine, chini ni mchanga, nao hukusanyika tumboni. Weka mkeka wa mpira au tairi kubwa lililozibwa chini. Ukitaka kujua kama ameanza kumeza, tia kinyesi katika mfuko wa plastiki wenye maji, tikisa, uning'inize. Mchanga utatua kwenye kona.

Angalia na meno. Ukikuta vidonge vya nyasi zilizotafunwa na kutemwa karibu na hori, nyasi hazina kosa. Ni jino.

Nyasi za kufungwa kwa plastiki

Uingereza poni wengi hulishwa nyasi zilizokatwa, zikaachwa zinyauke nusu, kisha zikafungwa kwa plastiki bila hewa. Hazina vumbi, na uzito mkavu wake ni asilimia 55 hadi 70 hivi. Kwa sababu ya maji hayo lazima ulishe uzito mkubwa: poni wetu mwenye hitaji la kilo 5 atakula kilo 8.3 zikiwa na asilimia 60. Ukimpa 5.7 kwa mazoea ya nyasi kavu, unamlaza njaa.

Kwetu siwashauri, isipokuwa zizi lenye farasi wengi. Robota likifunguliwa lazima liishe kwa siku mbili tatu katika joto hili, na tundu moja la mdomo wa kunguru linatosha kuingiza ukungu. Uchachu wake ni mdogo, na bakteria wa botulizimu hustawi pasipo hewa, hivyo kinga ni ukavu wa kutosha na kutokuwa na udongo wala mizoga ndani. Sileji ya mahindi ya ng'ombe, hata ikifungwa vizuri, usimpe poni.

Ghala na hesabu ya kiangazi

Marobota yakae juu ya paleti, mbali na ukuta, kwa sababu mchwa hula safu ya chini na ardhi hutoa unyevu. Paa la mabati liwe na nafasi juu ya kupitisha hewa. Turubai lililobana hutokwa jasho usiku. Nyasi mpya zisubiri wiki nne hadi sita kabla ya kulishwa, na wiki mbili za kwanza ingiza mkono katikati ya rundo kila siku.

Nunua mvua za masika zinapokwisha na mashamba yakikatwa, pia baada ya vuli, kabla bei haijapanda. Hesabu yenyewe: poni 6 wa kilo 250, kilo 5.7 kila mmoja, siku 120, ni kilo 4,104. Kwa robota la wastani wa kilo 13 ulilolipima wewe mwenyewe, ni marobota 316. Ongeza asilimia 10 ya zitakazokanyagwa na kuoza, ufike kama 350. Ukiambiwa bei kwa robota, ligawanye kwa kilo zake kabla hujajibu, na umwambie muuzaji mizani umekuja nayo.